Maambukizi ya VVU Yapungua: Kwa Nini Ubora wa Uchunguzi wa Saratani ya Mlango wa Kizazi Sasa Ni Suala la Uhai

Tarehe 1 Desemba, 2023, katika kilele cha maadhimisho ya Siku ya UKIMWI Duniani yaliyofanyika kitaifa mkoani Morogoro, Serikali ilitangaza matokeo ya utafiti wa kitaifa wa hali ya VVU wa mwaka 2022/2023. Matokeo hayo yalionesha kuwa maambukizi mapya kwa watu wazima yamepungua kutoka takriban 72,000 kwa mwaka katika utafiti wa 2016/2017 hadi takriban 60,000 kwa mwaka, na kwamba asilimia 78 ya watu wazima wanaoishi na VVU wamefubaza virusi mwilini.

Ni habari njema. Hata hivyo, nyuma ya mafanikio hayo upo wajibu mwingine usiozungumzwa mara nyingi. Mwanamke ambaye miaka 20 iliyopita angefariki kwa magonjwa nyemelezi, leo anaishi, anafanya kazi na kulea wajukuu. Kwa kuwa anaishi muda mrefu zaidi, anafikia umri ambao saratani ya mlango wa kizazi hujitokeza, naye yumo katika kundi linaloshambuliwa zaidi na ugonjwa huo. Dawa za kufubaza VVU zimemwokoa na kifo cha UKIMWI. Kitakachomwokoa na saratani hiyo ni uchunguzi wa mapema, na uchunguzi huo humsaidia pale tu unapofanywa kwa ubora.

Namna ya kusoma takwimu za VVU

Taarifa za VVU hutumia vipimo viwili ambavyo wananchi wengi huvichanganya. Cha kwanza ni kiwango cha maambukizi, yaani kati ya watu 100, ni wangapi wanaishi na VVU kwa wakati huo. Cha pili ni maambukizi mapya, yaani watu wangapi wameambukizwa ndani ya mwaka mmoja. Katika utafiti wa 2022/2023, kiwango cha maambukizi kwa watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea kilikuwa asilimia 4.4, wanawake wakiwa asilimia 5.6 na wanaume asilimia 3.0. Hiyo ni sawa na watu wazima takriban 1,548,000 wanaoishi na VVU nchini.

Kiwango cha maambukizi kinaweza kushuka polepole, au kisishuke kabisa, hata pale mapambano yanapokwenda vizuri. Sababu ni kwamba watu wanaotumia dawa hawafi kama zamani, hivyo wanaendelea kuhesabiwa. Kwa hiyo anayetaka kujua kama kinga inafanya kazi hutazama maambukizi mapya, na anayetaka kujua kama tiba inafanya kazi hutazama idadi ya waliofubaza virusi. Katika utafiti wa 2016/2017, waliofubaza virusi miongoni mwa watu wa miaka 15 hadi 64 walikuwa asilimia 52. Kupanda hadi asilimia 78 ni hatua kubwa, ambayo imechangiwa na uamuzi wa mwaka 2016 wa kuanza kumpa dawa kila anayegundulika kuwa na VVU bila kusubiri kinga yake ishuke.

Ulinganisho wa miaka nao unahitaji uangalifu. Utafiti wa 2003/2004 ulionesha asilimia 7.0, lakini ulihusu Tanzania Bara pekee na watu wa umri wa miaka 15 hadi 49. Mwelekeo wa kushuka ni wa kweli, ila namba za tafiti mbili haziwekwi sambamba kabla ya kuangalia zimewapima akina nani na wapi.

Wastani wa taifa pia huficha tofauti za mikoa. Utafiti wa 2022/2023 ulionesha mkoa wa Njombe una kiwango cha asilimia 12.7 na Kigoma asilimia 1.7. Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa mpango wa saratani, kwa sababu mkoa wenye wanawake wengi wanaoishi na VVU unahitaji wahudumu wengi zaidi wenye ujuzi wa kuchunguza mlango wa kizazi, vifaa zaidi na mashine zaidi za tiba.

Virusi viwili katika mwili mmoja

Saratani ya mlango wa kizazi husababishwa na kirusi kiitwacho HPV, ambacho huambukizwa kwa njia ya kujamiiana. Ni kirusi cha kawaida mno. Watu wengi wanaojamiiana hukipata wakati fulani katika maisha yao, na mara nyingi kinga ya mwili hukiondoa bila mtu kujua. Ziko aina nyingi za kirusi hicho, lakini aina mbili, za namba 16 na 18, ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani zote za mlango wa kizazi duniani.

Historia ya sayansi imeviweka virusi hivi viwili jukwaa moja. Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 2008 iligawanywa kati ya Harald zur Hausen wa Ujerumani, aliyeonesha kuwa HPV husababisha saratani ya mlango wa kizazi, na Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier wa Ufaransa, waliogundua VVU. Miaka 15 kabla ya hapo, mwaka 1993, saratani ya mlango wa kizazi ilikuwa imekwisha kuingizwa nchini Marekani katika orodha ya magonjwa yanayoashiria kuwa mtu mwenye VVU amefikia hatua ya UKIMWI.

Uhusiano wenyewe ni huu. VVU hudhoofisha kinga, na kinga iliyodhoofika hushindwa kukiondoa kirusi cha HPV. HPV kikikaa muda mrefu, hubadilisha chembe za mlango wa kizazi taratibu. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mabadiliko hayo kwa mwanamke mwenye kinga imara huchukua miaka 15 hadi 20 kuwa saratani. Kwa mwanamke mwenye kinga dhaifu, hususan mwenye VVU asiyetumia dawa, yanaweza kuchukua miaka 5 hadi 10 tu. Kwa ujumla, mwanamke anayeishi na VVU ana uwezekano mara sita zaidi wa kupata saratani hiyo kuliko asiye na VVU. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulikadiria kuwa katika ukanda wa Afrika Mashariki, zaidi ya robo ya wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi wanaishi pia na VVU.

Dawa za kufubaza VVU, zikianzwa mapema na kutumiwa bila kukatiza, hupunguza hatari hiyo, ingawa haziiondoi kabisa. Ndiyo maana mwanamke ambaye kipimo chake cha wingi wa virusi kinaonesha vimefubaa bado anatakiwa kuchunguzwa mlango wa kizazi kwa ratiba.

Kwa Tanzania jambo hili si dogo. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake nchini. Makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani yanaonesha kuwa kila mwaka wanawake zaidi ya 10,000 nchini huugua saratani hiyo na zaidi ya 6,000 hufariki. Wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeenea, wakati tiba imekuwa ngumu na matumaini yamepungua.

Kupimwa na kupimwa vizuri

Njia ambayo wanawake wengi nchini wameizoea ni uchunguzi wa kutazama kwa macho baada ya kupaka siki, maarufu kwa kifupi cha VIA. Mhudumu hupaka mlango wa kizazi asidi ya siki yenye nguvu ya asilimia 3 hadi 5, husubiri kama dakika moja, kisha hutazama kwa mwanga mkali. Sehemu yenye mabadiliko hugeuka kuwa nyeupe. Njia hii ni rahisi, haina haja ya maabara, majibu hutoka papo hapo, na tiba inaweza kutolewa siku hiyohiyo.

Udhaifu wake ni kwamba kipimo ni jicho la mhudumu. Mwanga hafifu, siki iliyopungua nguvu, kusubiri sekunde chache badala ya dakika nzima, au uvimbe wa kawaida unaofanana na mabadiliko ya saratani, vyote vinaweza kupotosha majibu. Zaidi ya hapo, kwa wanawake waliokoma hedhi, eneo ambalo mabadiliko huanzia huingia ndani ya mfereji wa mlango wa kizazi na halionekani tena kwa macho. Mama wa miaka 58 anayeambiwa "uko salama" baada ya VIA huenda ameambiwa jambo ambalo kipimo hicho hakina uwezo wa kulithibitisha.

Tafiti kubwa zilizofanywa nchini India zinaonesha jinsi matokeo yanavyoweza kutofautiana. Katika wilaya ya Dindigul, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionesha kuwa VIA iliyofanywa na wauguzi waliofunzwa ilipunguza vifo vya saratani hiyo kwa asilimia 35. Katika jiji la Mumbai, utafiti uliohusisha wanawake wapatao 150,000, ambapo wahudumu waliofunzwa walirudia uchunguzi kila baada ya miaka miwili, ulionesha vifo vimepungua kwa asilimia 31. Lakini katika wilaya ya Osmanabad, matokeo ya mwaka 2009 yalionesha kuwa VIA iliyofanywa mara moja haikupunguza vifo kwa kiwango cha kuaminika kitakwimu, ilhali kipimo cha vinasaba vya HPV kilichofanywa mara moja kilipunguza vifo kwa takriban nusu.

Tafiti hizo zinafundisha kuwa njia ileile inaweza kuokoa maisha mahali pamoja na isioneshe faida mahali pengine. Mafunzo, usimamizi, kurudia uchunguzi kwa wakati na kuhakikisha aliyekutwa na tatizo anatibiwa ni sehemu ya kipimo chenyewe.

Kwa sababu hiyo, mwongozo wa WHO wa mwaka 2021 unapendekeza kipimo cha vinasaba vya HPV kiwe cha kwanza. Kipimo hiki hutafuta kirusi chenyewe kwa mashine, hivyo hakitegemei jicho la mtu. Mwanamke anaweza hata kujichukulia sampuli mwenyewe, jambo linalowasaidia wanaoona haya kuchunguzwa. Mwongozo huo unapendekeza wanawake kwa ujumla waanze wakiwa na miaka 30 na kurudia kila baada ya miaka 5 hadi 10. Wanaoishi na VVU waanze wakiwa na miaka 25 na kurudia kila baada ya miaka 3 hadi 5. Pale ambapo kipimo cha HPV hakijapatikana na VIA ndiyo inayotumika, uchunguzi urudiwe kila baada ya miaka mitatu.

Ikumbukwe kuwa kukutwa na HPV si kukutwa na saratani. Kwa wanawake wanaoishi na VVU, ambao wengi wao hukutwa na kirusi hicho, WHO inashauri ufanyike uchunguzi wa pili kabla ya kuamua tiba, ili asitibiwe asiyehitaji wala asiachwe anayehitaji.

Idadi kubwa inaweza kudanganya

Taarifa za kampeni nyingi za afya hueleza idadi ya waliochunguzwa. Idadi hiyo ni muhimu, lakini haitoshi. Mfano wa hesabu ufuatao, ambao ni wa kufafanua tu, unaonesha kwa nini.

Tuchukulie kuwa kati ya kila wanawake 1,000, wanawake 100 wana mabadiliko yanayoweza kugeuka saratani. Kituo cha kwanza kinachunguza wote 1,000, lakini kwa haraka na kwa mwanga hafifu, kikagundua 50 kati ya 100. Hao 50 wanaambiwa waende hospitali ya wilaya siku nyingine. Nusu hawaendi, kwa kukosa nauli au kwa hofu. Waliotibiwa ni 25. Kituo cha pili kinachunguza wanawake 600 tu, ambao kati yao 60 wana mabadiliko. Mhudumu wake ana ujuzi, anagundua 48, na 43 wanatibiwa siku hiyohiyo.

Katika taarifa ya robo mwaka, kituo cha kwanza kitaonekana kinara kwa kuchunguza watu 400 zaidi. Katika maisha ya watu, kituo cha pili kimekinga wanawake 43 dhidi ya 25. Isitoshe, kituo cha kwanza kimewarudisha nyumbani wanawake 50 wenye mabadiliko wakiamini hawana tatizo, na anayeamini yuko salama huenda asirudi tena hadi aanze kutokwa na damu.

Ndiyo maana ubora wa huduma hii hupimwa kwa maswali kadhaa, si kwa idadi ya waliochunguzwa pekee. Je, asilimia ya wanaokutwa na tatizo ni ya kuaminika? Kituo kinachochunguza mamia ya wanawake wanaoishi na VVU bila kumpata hata mmoja mwenye mabadiliko kinahitaji kutembelewa na msimamizi, kama ilivyo kwa kituo kinachokuta tatizo kwa karibu kila anayeingia. Je, waliokutwa na tatizo wametibiwa wote, na baada ya siku ngapi? Je, waliopewa rufaa walifika? Je, waliotibiwa wamerudi kuangaliwa tena? Kwa mwanamke anayeishi na VVU aliyetibiwa, WHO inashauri achunguzwe tena baada ya miezi 12, na akikutwa salama arudiwe baada ya miezi 12 mingine kabla ya kurejea katika ratiba ya kawaida.

Mashine ya tiba nayo ni sehemu ya ubora. Mabadiliko madogo yanayoonekana yote huweza kuondolewa kwa joto au kwa ubaridi mkali, kazi inayochukua dakika chache. Mabadiliko makubwa, au yanayoingia ndani ya mfereji, huhitaji kukatwa kwa waya wa umeme na daktari au mhudumu aliyebobea. Panapokuwa na dalili ya saratani yenyewe, mgonjwa hupewa rufaa kwenda hospitali za kanda zenye huduma za saratani au Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam. Kuchunguza bila kuwa na njia ya kutibu ni kumwongezea mtu hofu bila kumpa msaada.

Kliniki ya VVU kama mlango wa huduma

Kwa upande wa wanawake wanaoishi na VVU, mfumo wa afya una nafasi ambayo hauna kwa wanawake wengine. Wanawake hawa tayari wana faili, tarehe ya kurudi na mhudumu anayewafahamu katika kliniki ya tiba na matunzo. Uchunguzi ukifanyika siku ileile ya kuchukua dawa, ndani ya jengo lilelile, mama haombi ruhusa mara mbili wala halipi nauli mara mbili. Majibu yakiandikwa kwenye faili moja na kipimo cha wingi wa virusi, ni rahisi kuona nani amepitisha muda wake.

Faragha nayo ina uzito wake. Mwanamke anayehofia kuonekana akiingia chumba fulani, au anayeogopa majibu yake kusikika nje ya pazia, hatarudi. Heshima ya mhudumu ni sehemu ya ubora kama ilivyo siki na taa.

Kwa wasichana, kinga imeanza mapema zaidi. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya HPV nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwezi Aprili 2024 ilihamia kwenye dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kwa msichana anayeishi na VVU, WHO inashauri apewe angalau dozi mbili, na ikiwezekana tatu, hivyo mzazi au mlezi anapaswa kumweleza mhudumu hali hiyo. Chanjo haitibu maambukizi ambayo mtu tayari anayo. Kwa kina mama wa leo, tegemeo linabaki kuwa uchunguzi.

Mwananchi aulize nini

Mkakati wa dunia uliozinduliwa na WHO tarehe 17 Novemba, 2020 unataka ifikapo mwaka 2030 asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wawe wamechunguzwa kwa kipimo cha kuaminika wakiwa na miaka 35 na tena wakiwa na miaka 45, na asilimia 90 ya waliokutwa na tatizo wawe wametibiwa. Malengo hayo hayatafikiwa na Serikali peke yake. Mwananchi anayejua haki yake husaidia kuinua ubora.

Mwanamke anapokwenda kuchunguzwa ana haki ya kuuliza: Ninapimwa kwa njia gani, VIA au HPV? Je, njia hiyo inafaa kwa umri wangu? Majibu nitayapata lini, na nani atanieleza? Nikikutwa na mabadiliko, tiba ipo hapahapa au nitakwenda wapi? Nirudi lini? Anayeishi na VVU aongeze swali moja: tarehe yangu ya mwisho ya kuchunguzwa mlango wa kizazi imeandikwa kwenye faili langu?

Dalili kama kutokwa na damu baada ya tendo la ndoa, damu baada ya kukoma hedhi, au uchafu wenye harufu mbaya usioisha, zisisubiri tarehe ya kliniki. Mwenye dalili afike kituo cha afya mara moja, hata kama alichunguzwa hivi karibuni na kuambiwa hana tatizo.

Wanaume nao wanahusika. Mume anayemtafutia mkewe nauli na kumpa nafasi ya kwenda kliniki, bila kumhoji wala kumshuku, ameokoa familia yake. Vivyo hivyo kwa baba anayemruhusu binti yake kupata chanjo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mabadiliko ya mlango wa kizazi ni ufa unaoonekana miaka mingi kabla ukuta haujaanguka, na tiba yake katika hatua hiyo huchukua dakika chache. Nchi imewekeza kwa zaidi ya miaka 20 kuwaweka hai wanawake wanaoishi na VVU. Kila mmoja wao akichunguzwa kwa wakati na kwa mikono yenye ujuzi, akapewa majibu sahihi na kutibiwa inapohitajika, uwekezaji huo hautapotea kwa ugonjwa unaozuilika.